Vidole Viwili vya Pumzi

Chumba cha michoro, 4 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii inakuja kwa mkono. Dereva wa lori la vyuma amekubali kuificha ndani ya soksi, kwa hiyo ukiinusa usinilaumu mimi. Kwa vile haipiti posta, nitaita vitu kwa majina yake.

Tunatengeneza kifaru. Siyo vile vyepesi mnavyovisindikiza na malori yenu ya risasi. Hiki ni kizito, na kazi yangu ni kuchora nafasi ya dereva: kiti, mikono ya kuendeshea, na mlango wake wa juu. Mama anajua nimepata kazi ya ofisi. Mwache aendelee kujua hivyo hivyo.

Waliniambia wiki tatu. Huu ni mwezi wa saba. Jengo lilikuwa kiwanda cha nyuzi, na madirisha yote tuliamriwa kuyapaka rangi nyeusi. Tuko wachoraji kumi na mmoja, tunafanya kazi ghorofa ya pili na kulala ya tatu, katika stoo ya zamani ambako hata mto wangu unanuka mafuta ya mashine. Ufunguo anao mlinzi. Kwenda chooni tunatia saini. Hatuko jela, usije ukamwambia mtu tuko jela. Mfungwa huambiwa atatoka lini.

Kila Jumatatu anakuja Mkubwa mmoja wa jeshi ambaye humu ndani tunamwita Ongeza. Hasalimii. Anaweka kidole juu ya mchoro na kusema, "Hapa ongeza." Chuma cha mbele kilianza na milimita sabini na tano, sasa ni mia na kumi. Mzinga ulipoongezwa, kile kichwa kinachozunguka nacho ikabidi kikue. Tulianza na tani thelathini na sita, leo tuko hamsini na nne. Nikamwambia Mhandisi Mkuu kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akaniambia nichore.

Sasa sikia kinachoniudhi. Juzi nilikata duara la karatasi lenye ukubwa wa kile kichwa kipya, nikalichoma pini katikati, nikalizungusha juu ya mchoro wangu. Mzinga ukielekea mbele, mlango wa dereva unafunguka. Ukigeuka kushoto, kitako cha kichwa kinaukalia mlango wote. Hata upenyo wa kisu haubaki. Dereva atabaki chini kama panya mtegoni mpaka mwenzake wa juu akumbuke kugeuza mzinga, kama bado yupo wa kukumbuka. Simjui dereva huyo, lakini nimeshamwonea huruma. Nitaurekebisha. Mlango ni wangu.

Kuanzia sasa tutaandikiana kwa posta, na barua zinasomwa. Kwa hiyo mimi nafanya kazi kwenye duka la fanicha, na hiki ninachokichora ni kabati. Usisahau.

Dada yako


Kambini, 19 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Soksi nimeinusa, na nimekusamehe.

Nina habari itakayokufurahisha. Nimetolewa kwenye malori. Walitupanga mstari madereva sitini, wakatuambia turudishe nyuma lori lenye tela kati ya mapipa mawili. Hamsini na tisa waliyagonga mapipa. Sasa mimi nimechaguliwa kupokea kabati jipya likitoka dukani kwenu. Nitakaa mbele, chini, penye ile mikono uliyoichora wewe. Nilicheka peke yangu mpaka wakaniuliza kama ninaumwa. Dada achore, mdogo wake akalie kiti.

Tuko wanne. Kamanda wetu alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata sasa anatukagua kucha. Anayepakia vitu vizito vinavyorushwa ni mwembamba mno, tunamwita Sindano. Na yule wa kulenga tunamwita Mlima. Huyu Mlima, dada, stoo nzima ilitafutwa sare ya kumtosha, wakaishia kumpa koti la mpishi lililopakwa rangi. Ana roho ya mtoto. Nilimwonyesha picha yako, sasa anakuita Dada Penseli na kila asubuhi ananiuliza kama umenijibu. Anasema tukikubaliwa kupanda kabati lenyewe tusisahau kwamba kupanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma.

Ule mlango uliosema unakuudhi nimeshausahau. Ulisema utaurekebisha, nami nakujua.

Mdogo wako


Dukani, 3 Machi

Mdogo wangu,

Habari yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta mahali pa kukaa. Hongera. Nasema hongera kwa sababu ndilo neno linalotakiwa hapa.

Nikueleze habari za kabati, na uzisome polepole, maana mambo ya fanicha yana undani wake. Ule mlango wa juu sikufanikiwa kuuhamisha. Kuuhamisha kungechelewesha kabati miezi miwili, na mnunuzi hangoji. Basi nikaomba mlango wa pili, mdogo, kwenye sakafu ya kabati. Mhandisi Mkuu akanipeleka nikamweleze mnunuzi mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema, "Nguo zikijua kuna mlango wa nyuma, zitatoka." Akaweka kidole pembeni ya sakafu akasema hapa ongeza.

Nilirudi mezani kwangu nikakaa kama nusu saa bila kushika penseli. Halafu nikachora mlango uleule, mahali palepale, nikauandika "kifuniko cha kusafishia". Kabati hupata uchafu, maji huingia, mafuta humwagika, lazima pawe na pa kuyatolea. Ulipita siku hiyohiyo. Hakuna mkubwa anayebishana na usafi.

Ukubwa wake sikuwa na wa kumuuliza, kwa sababu ningeulizwa kwa nini kifuniko cha uchafu kinahitaji vipimo vya mtu. Ninayo futi ya Mama, ile ya njano iliyofutika namba sita, na nakumbuka vipimo vya shati la mwisho alilokushonea. Mabega arobaini na tano. Nikaongeza vidole viwili vya pumzi, kama anavyofanya yeye. Unakumbuka anavyosema: nguo isiyo na nafasi ya kupumua ni bandeji.

Kifuniko kina bolti kumi na mbili. Mwenye kabati akiwa na akili, kumi atazilegeza ziwe za kufungulika kwa vidole, mbili atazikaza. Spana aiweke karibu na goti la kulia. Afanye hivyo siku ya kwanza tu anapopokea kabati, asingoje kuulizwa na mtu.

Nijibu kwamba umeelewa.

Dada yako


Kambini, 11 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimeelewa. Spana iko kwenye goti, na goti limeshaota sugu.

Kabati limefika. Nilipoliona nililizunguka mara moja, halafu nikaingia, nikakaa, na mikono ikaangukia palepale inapotaka kuangukia. Najua ulinifikiria mimi. Ila ni zito, dada. Likipita, vikombe vya jikoni la kambi vinatembea wenyewe mezani. Kamanda alipewa ramani ya safari yetu, akapiga hesabu ya madaraja, akakuna kichwa, akapiga tena. Aliandika barua kuuliza. Akajibiwa kwamba madaraja yamekaguliwa.

Fundi wa kambi hukaza bolti zote kila Ijumaa. Mimi huzilegeza kila Jumamosi. Hatujawahi kuulizana.

Siku ya kwanza tulilisimamisha juu ya shimo la fundi, tukakifungua kile kifuniko chako ili tujaribu. Sindano alipita akipiga mluzi. Anasema wembamba wa reli garimoshi linapita. Mimi nilipita vizuri kabisa, kama vile nimeshonewa. Kamanda akapita akilalamikia uchafu. Mlima aliingiza kichwa na mkono mmoja, akakwama. Tulimpaka grisi shingoni tukamvuta, tukacheka hadi fundi akatufukuza. Anasema nikwambie hivi: Dada Penseli amewajengea mlango watu wa dhiki, yeye aliyeshiba mlango wa juu unamtosha. Pia anauliza kama una mchumba. Nimemwambia una futi na penseli, na zote mbili zina wivu.

Mdogo wako


Dukani, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimecheka. Mwambie Mlima apunguze mkate, na mchumba sina, ila mtu asiyeingia mlangoni kwangu atanioaje? Msalimie sana.

Kifuniko hakibadiliki tena, maana sakafu arobaini zimeshakatwa kwa kipimo hichohicho. Lakini ni kweli anavyosema, mlango wake wa juu unamtosha. Ni mpana. Msiwe na wasiwasi.

Humu hakuna jipya. Kabati lilipokamilika tuliahidiwa likizo. Tulifunga mizigo, tukakaa juu yake siku nzima. Jioni mlinzi akaja kutuambia tufungue, mnunuzi ana mawazo mapya.

Dada yako


Dukani, 30 Mei

Mdogo wangu,

Karibu wiki sita bila hata mstari mmoja. Najifariji kwamba posta imelala.

Mnunuzi sasa anataka kabati la tani sitini. Sakafu nayo itakuwa nene zaidi, kwa hiyo zilizobaki kukatwa zinachorwa upya. Mama amemwandikisha jirani barua kuniuliza kama nawe umenyamaza kwangu. Nilimjibu kwamba umeniandikia juzi na hujambo. Usinifanye mwongo. Andika hata jina lako tu.

Dada yako


Hospitali, 17 Juni

Dada,

Sindano ameruhusiwa kwenda kwao. Ataileta barua hii mpaka getini kwenu na kungoja jibu. Kwa hiyo hakuna kabati hapa. Ni kifaru.

Mimi mzima. Mbavu mbili zimevunjika na vidole vya mkono wa kushoto vimesagika, lakini naandika na wa kulia, kama unavyoona. Mwambie Mama lolote utakalo.

Hakuna aliyetupiga. Nataka ulijue hilo kwanza. Adui alikuwa mbali kwa mwendo wa siku mbili. Ilikuwa tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, jua linawaka, tunavuka daraja la pili. Kamanda alisimama mlango wa juu akinielekeza taratibu kwa redio, nami naenda polepole kama ninamsindikiza bibi harusi. Tulifika katikati. Nikasikia kamanda anasema rudi. Sikuwahi.

Tulianguka mtoni, kifaru kikapinduka, magurudumu juu. Kamanda alirushwa nje, mguu umevunjika, atapona. Mlango wa juu, ule mpana, ulikuwa umezama kwenye tope. Mlango wangu nao umelala kwenye tope hilohilo. Kilichobaki juu yetu ni sakafu.

Kulikuwa giza na maji yanaingia. Yalikuwa yanaingia polepole. Mlima alinibeba begani ili nifikie bolti, maana mbavu hazikuniruhusu kusimama. Ilikuwa Jumapili, dada. Kama ingekuwa Ijumaa tusingetoka hata mmoja. Kumi nilizitoa kwa vidole, mbili kwa spana yako. Kifuniko kiliniangukia mkononi. Mlima akamsukuma Sindano, kisha akanisukuma mimi. Nilipita vizuri kabisa.

Yeye aliingiza kichwa na mkono. Akarudi ndani, akavua lile koti la mpishi akanipa nimshikie, akidhani bila koti atapita. Tulimpaka grisi. Tulimvuta, mimi na Sindano, mpaka akatuambia tumwache kidogo apumzike. Watu walikimbia kutafuta mashine ya kukatia chuma. Ilikuwa kambini, kilomita kumi na tisa. Na sakafu yenyewe ilikuwa imeongezwa unene, kwa hiyo hata ingefika sijui.

Tulikaa naye karibu saa nzima. Nilimshika mkono uliokuwa nje. Alizungumza habari za nyumbani kwao, akauliza kama nimeshawahi kukuona umekasirika. Maji yalipomfika kidevuni alisema nikwambie kwamba si kosa lako. Nimekaa na salamu hiyo mwezi mzima na nusu bila kuituma, kwa sababu sikutaka uipate. Nilikuwa na hasira, na ninayo mpaka sasa.

Ulinipima mimi, dada. Kifaru cha watu wanne ukashonea mtu mmoja. Halafu nilipokuandikia kwamba amekwama, ukasema apunguze mkate.

Dereva


Chumba cha michoro, 18 Juni

Mdogo wangu,

Sindano yuko getini, amekaa kwenye ndoo ya mlinzi. Nimepewa robo saa.

Uko hai. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naanza na mstari huo.

Sitajitetea, ila kuna kitu nilikuficha na sitaki kukuficha tena. Barua yako ya Aprili sikuicheka. Niliisoma nikaenda kusimama kwenye kona ya stoo, nikapima mlango wa stoo, nikapima meza, nikapima kila kitu chenye upana, nikitafuta namba ambayo mtu kama yule angepita. Nilijua. Lakini kuomba kifuniko kipanuliwe kulinilazimu kusema ni cha nini. Ningesema ni mlango, Ongeza angeagiza vyote arobaini vichomelewe, na chako kikiwemo. Nikakaa nayo siku nne. Mwisho nikachagua. Nilikuchagua wewe, kisha nikaandika mzaha ili usijue kwamba kulikuwa na kuchagua. Ningekuwa na siku nne nyingine ningefanya hivyohivyo, na hilo ndilo linalonitisha.

Na kosa la kwanza lilikuwa kabla ya hapo. Mama hajawahi kumkatia mtu nguo kwa kipimo cha mtoto wake. Nilichora mlango wa jeshi zima huku naona mgongo wa mtu mmoja.

Ripoti ya daraja imefika hapa, Mhandisi Mkuu amenionyesha leo. Inasema dereva alikwenda kasi.

Jumatatu Ongeza anakuja kuidhinisha sakafu mpya. Bado haijakatwa, iko mezani kwangu, na nafasi hii haitarudi. Nitauchora mlango upya, na safari hii nitauandika jina lake: mlango wa kutokea. Na ile hesabu ya kamanda wako kuhusu daraja nitaibandika pembeni, Sindano anayo, ananinakilia hapo getini. Wataniuliza nani aliniruhusu kutoboa sakafu arobaini. Nitawajibu. Mhandisi Mkuu nimeshamwambia. Alifunga mlango wa ofisi yake, kisha akasema yeye ndiye aliyetia saini, kwa hiyo ataingia nami. Kama wataniondoa hapa sijui watanipeleka wapi. Dirisha huenda likawa dogo zaidi, lakini angalau halitapakwa rangi kwa mkono wangu.

Wale madereva thelathini na tisa waambie kwa mdomo, mmoja mmoja, kuhusu zile bolti. Usiandike.

Nina ombi moja, na ukikataa nitaelewa. Ulisema alikupa koti umshikie. Kama bado unalo, lipime. Nahitaji namba yake kabla ya Jumatatu, maana sitaki tena kukisia.

Dada yako


Hospitali, 20 Juni

Dada,

Shikamoo.

Sindano atakufikishia hii kabla ya Jumatatu. Koti ninalo. Lilikuwa limekakamaa kwa tope, nikamwomba muuguzi maji ya vuguvugu tukaliosha, tukalianika dirishani. Nilingoja likauke, kwa sababu Mama husema kitambaa kibichi hudanganya. Muuguzi alinishikia upande mmoja wa futi, maana vidole vyangu bado havikunjiki.

Mabega, sentimita hamsini na nane. Kifua, mia na thelathini na mbili. Nimepima mara tatu.

Madereva ishirini na mmoja waliokuja kunitazama wameshajua. Waliobaki nitawapata nikitoka.

Hiyo ni ya koti, dada, siyo ya mtu. Usisahau vidole viwili.

Mdogo wako